Hofu ya Vyama Vingi na Hatima ya Aliyeshindwa

Mwaka 1991 Tume ya Rais iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka Tanzania Bara na Zanzibar ikiwauliza wananchi kama wangependa kuendelea na mfumo wa chama kimoja au kuwa na vyama vingi. Karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume hiyohiyo ikapendekeza kinyume cha matakwa ya walio wengi, Serikali ikaridhia, na tarehe 1 Julai 1992 vyama vingi vikaanza kisheria. Tukio hili ni shamba zuri la kuchunguza namna jamii inavyoikabili hofu ya mabadiliko.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba wananchi wale hawakuwa wameelimika kisiasa. Chama kimoja kilikuwa cha kisheria tangu 1965, na kizazi kizima kilikua bila kuona kingine. Kwa hiyo kikang'ang'ania zimwi kilijualo. Dawa yake, kwa mujibu wa hoja hii, ni elimu ya uraia. Makala hii inaipinga hoja hiyo. Hofu ya 1991 ilikuwa na habari nyingi kuliko inavyodhaniwa, na ilihitaji kujibiwa kwa mpangilio wa kikatiba kabla ya kuhubiriwa.

Tukumbuke mwaka wenyewe. Vita vilikuwa vimeanza Rwanda Oktoba 1990. Serikali ya Somalia ilianguka Januari 1991. Msumbiji ilikuwa bado vitani. Katika makazi ya Katumba, Ulyankulu na Mishamo, hapahapa Tanzania, waliishi Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Mtu aliyesema mbele ya Tume kwamba vyama vingi vitaleta ukabila na umwagaji damu hakuwa akibuni; alikuwa akitaja majirani zake. Zanzibar ushahidi ulikuwa wa nyumbani kabisa. Chaguzi za 1957 hadi 1963 zilikuwa za vyama vingi, na ghasia za Juni 1961 ziliua watu 68. Wazee waliozipitia zama zile za siasa walijua jinsi ndugu walivyosusiana hadi mazikoni.

Na hapa ndipo hoja ya ujinga inapokwama. Ikiwa hofu hutokana na kutokujua, au hata na kumbukumbu chungu peke yake, Zanzibar ingepaswa kuviogopa vyama vingi kuliko Bara. Ikawa kinyume: kwa uwiano, waliotaka vyama vingi walikuwa wengi zaidi Visiwani. Sababu, kwa maoni yangu, ni kwamba huko wengi walikwisha kujiona wamewekwa nje ya mfumo uliokuwapo. Hali iliyopo ilikuwa inawagharimu tayari. Kipimo cha hofu basi si kiasi cha maarifa aliyonayo mtu. Ni kiasi anachoamini atapoteza, na kama anaona njia ya kukirudisha.

Jambo lingine husahaulika. Wengi wa waliotaka chama kimoja walitaka pia kirekebishwe. Hawakukataa mabadiliko. Walikataa kuingia katika shindano ambalo hawakuambiwa aliyeshindwa atafanywa nini. Ni swali la busara, na naona inatupasa sisi wanazuoni kulipa heshima yake badala ya kuliita mawazo mgando.

Tume ililisikia, kwa sifa yake. Iliorodhesha sheria 40 zilizokandamiza uhuru, ikataka zifutwe au zirekebishwe. Sheria ya kuwaweka watu kizuizini ya 1962 ilikuwamo. Ile ya magazeti ya 1976 pia. Ilipendekeza pia mjadala wa kitaifa wa katiba mpya. Serikali ilichukua vyama, mengi ya yaliyobaki ikayaacha: Sheria ya Magazeti ilidumu hadi 2016. Yaani mlango ulifunguliwa, lakini kile ambacho watu walikiogopa nyuma ya mlango hakikuondolewa.

Matokeo yake yalionekana Zanzibar. Uchaguzi wa 1995 ulizua mgogoro, wa 2000 ukazua mwingine, na Januari 2001 waandamanaji waliuawa Pemba na Unguja. Watu wapatao 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Waliotabiri damu mwaka 1991 hawakuwa wamekosea kabisa.

Lakini Zanzibar hiyohiyo ndiyo iliyotoa jibu. Novemba 2009 Rais wa Zanzibar Amani Abeid Karume na kiongozi wa upinzani wa CUF, Maalim Seif Sharif Hamad, walikutana na kupatana. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi walipiga kura ya maoni kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Tuzingatie walichokubali: muundo wenye mambo mengi zaidi yasiyojulikana kuliko ule wa 1992. Tofauti ni kwamba safari hii swali la aliyeshindwa lilijibiwa katika maandishi. Chama kinachofuata kwa kura kingetoa Makamu wa Kwanza wa Rais. Miezi michache baadaye Dkt. Ali Mohamed Shein alishinda urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1 za Maalim Seif, tofauti ambayo mwaka 2000 ingetosha kuwasha moto, na watu wakalala majumbani mwao kwa amani.

Atakayepinga ataleta uchaguzi wa Zanzibar wa 2015, na ana haki. Matokeo yalifutwa tarehe 28 Oktoba, uchaguzi ukarudiwa Machi 2016 bila ushiriki wa CUF, na hofu ikarudi. Hata hivyo mfano huo unaibana hoja yangu bila kuivunja. Katiba ya Zanzibar ilieleza nafasi ya aliyeshindwa serikalini, lakini haikumpa pa kwenda iwapo anaamini hakushindwa. Ndivyo ilivyo pia kwenye Muungano: ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa mgombea aliyekwisha kutangazwa na Tume ya Uchaguzi kuwa Rais. Maadamu ibara hiyo ipo, mwananchi anayeiogopa siku ya matokeo ameisoma katiba yake sawasawa, na semina ya elimu ya uraia haina cha kumfundisha.