Fremu Inapangishwa

Siku moja tembea kwa mguu kutoka Kinondoni Studio hadi Mwananyamala. Au kama uko upande wa pili wa jiji, toka Temeke Mwisho hadi Tandika. Hesabu milango ya chuma iliyofungwa. Utakuta maneno yaleyale, mara kwa rangi, mara kwa chaki, mara kwenye karatasi iliyonyeshewa mvua: "Fremu inapangishwa", na namba ya simu. Mgeni anaweza kudhani kuna mtu anauza mbao za kuzungushia picha. Sisi wenyeji tunajua kwamba fremu ni chumba cha duka kinachotazama barabara.

Sasa angalia barazani, mbele ya mlango huo uliofungwa. Mara nyingi yupo fundi na cherehani yake. Gauni alilolimaliza jana, kitenge chenye mikono ya puto, amelitundika kwenye kufuli la fremu. Yaani duka limefungwa, lakini mlango wake ndio kabati la maonyesho.

Niliwahi kumuuliza fundi mmoja wa Tandika kwa nini asichukue chumba kile alichokipa mgongo kila siku. Akacheka. Akaniambia mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi, na yeye akizishika hela za miezi sita ananunua cherehani ya pili. Kisha akarudi kwenye pindo lake. Mimi nikaondoka na swali: watu wanaotengeneza vitu vizuri katika jiji hili walianza lini kukaa mlangoni mwa duka la mtu mwingine? Nilivyozidi kulifuatilia ndivyo nilivyoona kwamba jibu lake ni karibu historia yote ya sanaa ya Dar es Salaam.

Tuanze na miaka ya 1950. Wachongaji Wamakonde walikuwa wakivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, wengi wakitafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, na baadhi yao wakaishia pembezoni mwa Dar es Salaam na mpingo wao. Katikati ya mji kulikuwa na mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi, Mohamed Peera, aliyekuwa akinunua vinyago vyao na kuvipanga dukani kwake. Kuna simulizi inayorudiwa sana kumhusu mchongaji aliyeitwa Samaki Likankoa. Mwaka 1959, inasemekana, kinyago chake cha mtu kilivunjika mkono akiwa njiani kukipeleka kwa Peera. Kilichobaki kilikuwa na umbo la ajabu. Peera akakipenda, akamtia moyo achonge vingine vya namna hiyo, na hapo ndipo mtindo wa shetani ulipopata njia.

Simulizi hii wengine huisimulia kama kichekesho cha bahati. Mimi naiona kama habari ya duka. Kinyago kilichovunjika kingeweza kuwa kuni. Kilichokiokoa ni kwamba palikuwa na mahali pa kukiweka watu wakakiona. Lakini tusisahau upande wa pili: mahali pale palikuwa pa Peera. Yeye ndiye aliyeamua kipi kikae mbele na kipi kirudi nyumbani. Msanii alikuja na mzigo wake, akasubiri mlangoni.

Halafu ukaja mwaka 1968. Ukiniuliza mimi, huo ndio mwaka wa kuusoma polepole, kwa sababu yalitokea mambo matatu ambayo kwa kawaida hatuyaweki kwenye ukurasa mmoja.

La kwanza, pale Ubungo, kando ya Barabara ya Morogoro, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilianza kazi kwa msaada wa China. Khanga na vitenge vikawa vinatoka hapahapa. La pili, mwezi Oktoba, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza kampeni iliyoitwa Operesheni Vijana: sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na dawa za kujichubua vipigwe marufuku kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Hata kabla tarehe haijafika, vijana waliingia mitaa ya Kariakoo na kuwasumbua wanawake waliovaa sketi fupi. Kwa hiyo mwaka uleule ambao jiji lilipata kitambaa chake, lilianza kugombana juu ya namna ya kukishona. Anayedhani mitindo ni jambo la kupita tu, arudi akausome mwezi ule wa Oktoba.

La tatu halikutangazwa na mtu. Kijana wa Tunduru aliyezaliwa mwaka 1932, ambaye alishapita mashamba ya mkonge ya Tanga na kazi za nyumbani kwa Mzungu, alianza kuchora. Jina lake Edward Saidi Tingatinga. Alikuwa akiishi Msasani. Alichukua vipande vya mraba vya hadibodi, zile mbao nyembamba za kutengenezea dari, akachukua na rangi za mafuta za kupakia baiskeli, akachora ndege, chui, tembo, watu. Rangi hizo zinang'aa, hazihitaji kioo, na kipande cha mraba kinaingia kwenye sanduku la msafiri. Ukizitazama picha zile unaona kabisa kwamba mchoraji alimjua mnunuzi wake.

Alimjulia wapi? Dukani, lakini nje yake. Oysterbay palikuwa na duka lililoitwa Morogoro Stores, ambapo wageni waliokaa maeneo yale walikwenda kununua mahitaji ya jikoni. Tingatinga hakuwa na fremu pale. Picha zilipangwa nje, na husimuliwa kwamba mkewe, Agatha Mataka, ndiye aliyekuwa akikaa nazo na kuziuza. Mzungu amekuja kununua mboga, anaondoka na chui chini ya kwapa. Hapo ndipo ulipozaliwa mtindo ambao leo umebandikwa kwenye kila uwanja wa ndege wa Afrika Mashariki.

Watu wa karibu wakaanza kujifunza kwake: January Linda, Casper Tedo, Ajaba Abdallah, Adeusi Matambwe, Omari Amonde, Simon Mpata. Wengi ni ndugu au watu wa nyumbani. Hapakuwa na chuo, palikuwa na uani na baraza. Kisha mwaka 1972, usiku, polisi waliokuwa wakifukuza wahalifu wakamfananisha Tingatinga na hao waliokuwa wakiwatafuta. Wakampiga risasi. Alikuwa na miaka 40 tu, na alikuwa amechora kwa takriban miaka minne.

Mtu amekufa, duka si lake, picha hazina ukuta. Kwa hesabu ya kawaida jambo lile lilipaswa kuishia pale. Lakini wanafunzi wake walirudi palepale Morogoro Stores. Waliendelea kukaa chini ya mti, nje ya duka, na wakaanza kushirikiana.

Hapa inabidi nikwambie kilichokuwa kinatokea kwenye maduka yenyewe, maana bila hilo picha haikamiliki. Mwezi Aprili 1971 serikali ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo mwenyewe hakuwa akiyatumia yote. Yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Kwa siku chache tu, wengi waliokuwa wenye nyumba katikati ya jiji wakageuka wapangaji, na wengi wao wakafunga mizigo wakaondoka nchini. Kwa hiyo swali la nani mwenye fremu halikuwa la msanii peke yake. Jiji zima lilikuwa linajiuliza.

Katika hali hiyo ndipo lilipojaribiwa jibu lingine: tuwape wasanii nyumba yao. Mwaka 1972, mwaka uleule wa kifo cha Tingatinga, sista wa Maryknoll aitwaye Jean Pruitt alianzisha Nyumba ya Sanaa. Ilianza na vijana wachache, wakiwemo wenye ulemavu, wakafanya michoro, batiki, uchapaji na kushona. George Lilanga, ambaye baadaye jina lake lilizunguka dunia, inasimuliwa kwamba aliingia pale kwanza kama mlinzi, akisaidiwa na mjomba wake Augustino Malaba, ambaye tayari alikuwa msanii wa pale. Miaka ya 1980 Nyumba ya Sanaa ilikuwa na jengo lake zuri Upanga, kwa baraka za Mwalimu Nyerere mwenyewe. Ndani yake mchoraji, mfinyanzi na mshona nguo walikuwa chini ya paa moja, na mnunuzi aliingia kwa mlango wa mbele.

Leo ukienda pale Upanga, hutawakuta. Eneo lilipanda thamani, miji hukua, minara ikaota, na sanaa ikatoka. Ilikuwa na kila kitu: jengo, wafadhili, jina la Baba wa Taifa. Ilichokosa ni mkono wa wasanii wenyewe kwenye hati ya mahali.

Sasa linganisha na wale wa chini ya mti. Mwaka 1990 wachoraji wa Morogoro Stores walijisajili kuwa chama cha ushirika. Mwaka huohuo, kwa taarifa yako, Msajili wa Majumba alivunjwa na majengo yake yakapelekwa Shirika la Nyumba la Taifa. Wachoraji wakajenga palepale. Ukienda leo utawakuta, wazee na vijana, wameinamia vibao vyao, rangi kwenye makopo, picha zimetundikwa mpaka nje. Unaweza kuzisema picha zile kwamba zinafanana, na mimi huwa nasema. Lakini wapo. Waliokuwa hawana hata kizingiti, zaidi ya miaka hamsini baadaye ndio wenye mlango.

Tuvuke miaka arobaini kutoka ule wa 1968. Mwaka 2008 mbunifu wa mavazi Mustafa Hassanali alianzisha Swahili Fashion Week, na wabunifu wetu wakapata jukwaa la kila mwaka. Mwaka huohuo, Mikocheni, kwenye eneo la viwanda vidogo, kilianza kituo cha Nafasi Art Space: ghala likageuzwa karakana na ukumbi wa maonyesho. Waliochagua jina hilo walijua Kiswahili. Nafasi ni mahali, na nafasi ni fursa, na hapa kwetu ukikosa ya kwanza ya pili huipati.

Na mbali kabisa, katika mji wa Newcastle, Australia, mwaka 2008 vilevile, mwandishi Marcus Westbury alianzisha mpango wa Renew Newcastle. Mji ule ulikuwa umepigwa na tetemeko mwaka 1989, kisha kiwanda chake kikubwa cha chuma kikafungwa mwaka 1999, na katikati ya mji maduka yalikuwa matupu. Westbury hakununua jengo hata moja. Aliwaomba wenye maduka wawaachie wasanii, washonaji na watengeneza vito kwa kibali cha siku 30, kinachoongezwa kila mwezi. Mwenye jengo akipata mpangaji wa kulipa, msanii anafungasha. Mitaa ikachangamka.

Wazo hilo ni zuri na ningependa kuliona Kinondoni na Temeke. Lakini nikiwa na historia yetu mkononi, nalitazama kwa jicho moja wazi zaidi ya lingine. Siku 30 ni baraza tu, hata kama ina kioo. Inampa fundi mwanga, haimpi mahali. Na baraza tunaijua: Oktoba 2021 wafanyabiashara wadogo wa Dar es Salaam waliondolewa kandokando ya barabara na mbele ya maduka, wakaelekezwa maeneo mengine. Aliyekuwa ametundika kazi yake kwenye kufuli la mtu alilazimika kuitundua.

Ninachokiona ni hiki. Mwenye fremu anadai miezi sita kwa sababu anaogopa mpangaji asiyelipa na asiyetoka. Fundi hana miezi sita kwa sababu bado hajaonekana na wateja wa kutosha. Wote wawili wana haki, na mlango unabaki umefungwa. Westbury alichofanya ni kukaa katikati yao. Wachoraji wa Oysterbay walikwenda mbali zaidi: walikaa katikati wao wenyewe, wakiwa wengi, na jina lililosajiliwa. Mafundi kumi wa Tandika, mchoraji wa mabango na msusi wa vikapu wakiwa na chama kimoja na akaunti moja, mwenye nyumba ataongea nao lugha nyingine. Na Shirika la Nyumba na manispaa, ambao ni wenye nyumba pia, wangeweza kuanza kwa kuwaonyesha wengine mfano.

Wiki iliyopita nilipita tena Tandika. Tangazo bado lipo, namba ya simu imeanza kufutika. Fundi alikuwa anapiga pasi shati la mtoto wa shule. Gauni jipya lilikuwa kwenye kufuli, la njano, lenye maua makubwa ya buluu. Wanawake wawili waliokuwa wakienda sokoni wakasimama, mmoja akalishika pindo na kuuliza bei. Barabara nzima, hakukuwa na duka lililokuwa na mteja muda ule, isipokuwa lile lililofungwa.