Umeme wa upepo bahari kuu: Mitambo yaelea, gharama yabaki kikwazo

Na Mwandishi Wetu

KWA miaka mingi mitambo ya kuzalisha umeme kwa nguvu za upepo baharini ilijengwa kwenye maji ya kina kifupi tu, kwa kuwa nguzo zake hulazimika kusimikwa kwenye sakafu ya bahari. Kina kinapozidi mita 60 hivi, nguzo hizo huhitaji chuma kingi mno kiasi kwamba mradi haulipi.

Hata hivyo, upepo wenye nguvu na wa uhakika zaidi huvuma mbali na pwani, mahali ambapo maji ni ya kina kirefu. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la mtambo unaoelea.

Majaribio makubwa ya kwanza yalifanyika Norway mwaka 2009, wakati kampuni ya mafuta ya nchi hiyo, ambayo leo inaitwa Equinor, ilipouweka baharini mtambo mmoja wa megawati 2.3 karibu na kisiwa cha Karmøy.

Miaka minane baadaye, Oktoba 2017, aliyekuwa Waziri Kiongozi wa Scotland, Nicola Sturgeon, alizindua Hywind Scotland, shamba la kwanza duniani la mitambo ya upepo inayoelea kuuza umeme kibiashara. Shamba hilo lipo takriban kilomita 25 kutoka mji wa Peterhead na lina mitambo mitano yenye uwezo wa megawati 30 kwa pamoja.

Kila mtambo umesimama juu ya silinda ndefu ya chuma iliyojazwa vitu vizito upande wa chini. Urefu wake kutoka kitako hadi ncha ya pangaboi ni mita 253 hivi, na kati ya hizo mita 78 zimezama majini. Uzito huo wa chini ndio unaouzuia mtambo kupinduka, mithili ya boya la nyavu lililofungiwa jiwe.

Aidha, minyororo mitatu huushikilia kila mtambo usichukuliwe na maji. Nanga zake ni mapipa makubwa ya chuma yaliyozamishwa kwenye tope la sakafu ya bahari kwa kufyonza maji yaliyomo ndani yake.

Kiufundi, matokeo yamekuwa mazuri. Katika miaka mitano ya kwanza shamba hilo lilitoa wastani wa asilimia 54 ya umeme ambao lingezalisha iwapo mitambo yake ingefanya kazi kwa nguvu zote saa zote. Mashamba ya kawaida ya baharini nchini Uingereza hutoa asilimia 40 hivi.

Mashamba mengine yalifuata: WindFloat Atlantic la Ureno mwaka 2020, Kincardine karibu na Aberdeen mwaka 2021, na Hywind Tampen la Norway, lililozinduliwa rasmi Agosti 2023. Hilo la mwisho lina mitambo 11 ya megawati 88 na hupeleka umeme kwenye visima vya mafuta na gesi vya Snorre na Gullfaks.

Kikwazo kilichobaki ni gharama. Katika mnada wa serikali ya Uingereza wa mwaka 2024, mradi unaoelea wa Green Volt, unaopangwa kujengwa mbali na Peterhead, ulipata mkataba wa megawati 400 kwa pauni 139.93 kwa kila megawati-saa, kwa bei za mwaka 2012. Miradi mipya ya nguzo za kawaida ilipata pauni 58.87, yaani chini ya nusu.

Moja ya sababu ni matengenezo. Mtambo unaoelea ukiharibika kifaa kikubwa, mara nyingi hukokotwa hadi bandarini. Mtambo mmoja wa Kincardine ulipelekwa Rotterdam, Uholanzi, mwaka 2022, na mwaka 2024 mitambo yote mitano ya Hywind Scotland ilivutwa hadi Norway na kurejeshwa baada ya matengenezo.

Baadhi ya miradi imeshindwa kuhimili mzigo huo. Japan iliamua mwaka 2020 kuiondoa mitambo yake ya majaribio iliyokuwa mbali na pwani ya Fukushima kwa kuwa haikulipa, na Mei 2023 Equinor iliusimamisha mradi wake mkubwa wa Trollvind, ikitaja kupanda kwa gharama.

Wahandisi wanajaribu kubana matumizi. Huko Tampen, mitambo jirani hutumia nanga kwa pamoja, hivyo mitambo 11 imeshikiliwa na nanga 19 badala ya 33.

Kwa miji ya Aberdeen na Peterhead, suala hili ni la ajira. Uzalishaji wa mafuta na gesi wa Uingereza katika Bahari ya Kaskazini umekuwa ukishuka tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na ujuzi wa nanga, minyororo na nyaya za chini ya bahari ambao wafanyakazi wake wanao ndio unaohitajika katika mitambo inayoelea.

Lakini silinda za Hywind Scotland zilitengenezwa Hispania na mitambo ikaunganishwa Norway, penye ghuba za maji marefu na tulivu. Bila bandari na karakana zake yenyewe, Scotland itapata umeme huku sehemu kubwa ya kazi ikienda kwingine.