Ousmane Sembène

Ousmane Sembène (1923–2007) alikuwa mwandishi wa riwaya na mwongozaji wa filamu wa Senegali. Alizaliwa Ziguinchor, jimboni Casamance, mtoto wa mvuvi. Shule aliiacha mapema baada ya kukorofishana na mwalimu mkuu, akashika kazi za mikono, na katika Vita Kuu ya Pili akapigana akiwa askari wa jeshi la Ufaransa. Baada ya vita akawa kuli katika bandari ya Marseille. Huko aliingia chama cha wafanyakazi na Chama cha Kikomunisti, akaumia mgongo kazini, na kipindi cha kuuguza akakimalizia vitabuni. Riwaya yake ya kwanza, Le Docker noir, ilitoka mwaka 1956.

Riwaya ya Les Bouts de bois de Dieu (1960), inayohusu mgomo wa wafanyakazi wa reli ya Dakar–Niger wa 1947–48, ilimpa jina kubwa. Lakini iliandikwa kwa Kifaransa, na wengi wa watu aliowaandikia hawakuweza kuisoma. Ndiyo sababu mwaka 1962, akikaribia umri wa miaka 40, alikwenda Moscow kujifunza filamu kwa Mark Donskoy katika studio ya Gorky. Kwake sinema ilikuwa shule ya usiku: alizichukua filamu zake hadi vijijini, akazionyesha, kisha akakaa na watazamaji kubishana.

Kazi yake ilianzia kwenye karatasi. Mandabi na Xala zilikuwa vitabu kabla hazijawa filamu; Guelwaar (1992) ilikwenda kinyume, filamu ikatangulia na riwaya ikafuata. Waigizaji wake wengi hawakuwa wa fani hiyo. Aliwataka wazungumze lugha ya mahali kisa kinapotokea: Kiwolofu mjini Dakar, Kidiola katika Emitaï (1971), ambamo wanawake wa Casamance wanaficha mpunga wao usichukuliwe na jeshi la Ufaransa, na Kibambara katika Moolaadé (2004). Suala la msanii kutumia lugha za Kiafrika, ambalo Afrika Mashariki tunalihusisha zaidi na Ngũgĩ wa Thiong'o, Sembène alikuwa ameshalijibu kwa vitendo, kwa Mandabi, miaka tisa kabla ya Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ ya Kigĩkũyũ, kupanda jukwaani.

Kumwita mwongozaji huru kunahitaji maelezo, kwa sababu fedha mara nyingi zilikuwa za wengine. La Noire de… (1966) ni kisa cha Diouana, yaya wa Dakar anayepelekwa na waajiri wake Antibes na kugeuzwa kijakazi wa kufungiwa ndani. Kilitokana na habari ya kweli ya gazetini. Ofisi ya serikali ya Ufaransa iliyozoea kusaidia filamu za Waafrika iliukataa mswada huo. Aliipiga filamu hivyo hivyo, na Ufaransa hiyo hiyo ikampa tuzo ya Jean Vigo. Kwa Mandabi (1968), fedha za Ufaransa zilipatikana, zikaja na masharti: iwe ya rangi, na kuwe na toleo la Kifaransa. Sembène akapiga matoleo mawili, moja la Kifaransa na moja la Kiwolofu. Hilo la pili ndilo linalokumbukwa. Uhuru wake, basi, haukuwa wa kukataa pesa ya mtu. Ulikuwa wa kuipokea na kubaki mwenye filamu. Kampuni yake mwenyewe, Filmi Domirev, ilimsaidia kushika usukani.

Serikali ya nyumbani nayo ilimsumbua. Xala (1975), kejeli juu ya tajiri anayeishiwa nguvu za kiume usiku anaooa mke wa tatu, ilikatwa vipande kadhaa kabla ya kuonyeshwa Senegali. Ceddo (1977) ilizuiwa kwa miaka. Rais Senghor alidai jina hilo liandikwe kwa d moja. Sembène akakataa kuifuta ya pili. Wengi huona kwamba tahajia ilikuwa kisingizio, na kilichoudhi ni jinsi filamu ilivyousawiri Uislamu, Ukristo na biashara ya watumwa. Miaka 11 ikapita kabla ya Camp de Thiaroye (1988), aliyoiongoza pamoja na Thierno Faty Sow kwa fedha za Senegali, Algeria na Tunisia, bila mchango wa Ulaya. Inasimulia mauaji ya askari Waafrika yaliyofanywa na jeshi la Ufaransa Desemba 1944. Ilipata tuzo maalumu ya majaji mjini Venice.

Katika miaka karibu 40 alikamilisha filamu ndefu tisa tu. Ya mwisho, Moolaadé, inayopinga ukeketaji, ilishinda tuzo ya Un Certain Regard huko Cannes. Filamu aliyoiota muda mrefu kuliko zote, ya Almami Samori Touré, mtawala wa Afrika Magharibi aliyepigana na Wafaransa, haikupigwa. Alifariki Dakar tarehe 9 Juni 2007.

Asiyemjua aanze na Borom Sarret (1963), siku moja ya mwendesha mkokoteni wa farasi jijini Dakar. Ni ya dakika 20 hivi, na karibu kila alichokuja kukifanya baadaye kimo humo.