Kuta Mbili, Sauti Nne: Santuri za Kwadrafoniki na Ving'amuzi vya Leo

Katika vitabu vingi vya historia ya sauti, santuri ya kwadrafoniki, yaani santuri iliyokusudiwa kupeleka sauti nne tofauti kwenye spika nne zilizowekwa kwenye pembe za chumba, hutajwa harakaharaka kama bidhaa ya miaka ya 1970 iliyoingia sokoni kwa kishindo na kutoweka muongo ulipokuwa unakwisha. Hukumu hiyo inastahili kupitiwa upya, kwa kuwa wahandisi waliochonga santuri hizo waliweka ndani ya mfereji mambo mengi kuliko yale ambayo vifaa vya majumbani vya wakati ule viliweza kuyatoa, na ving'amuzi, yaani vifaa au programu za kuzitenganisha tena sauti nne, vinavyoundwa sasa kwa msaada wa kompyuta vinadhihirisha ni kiasi gani cha muziki kilibaki humo bila kusikika.

Ugumu wa kubeba sauti nne ulitokana na umbo la santuri yenyewe. Kampuni ya Vanguard ya Marekani ilipoanza kuuza kanda za chaneli nne mwaka 1969 haikusumbuliwa na jambo hili, kwani kanda ya sumaku huweza kubeba njia nne sambamba. Mfereji wa santuri ya stirio, kinyume chake, una kuta mbili tu, kila ukuta ukibeba chaneli moja. Majibu ya aina mbili yalipatikana, na yote yaliuzwa kwa wakati mmoja, huku santuri ya mfumo mmoja ikidai king'amuzi ambacho hakikufaa kwa mfumo mwingine.

Jibu la kwanza lilikuwa matriksi, yaani kuchanganya chaneli nne ziwe mbili kwa vipimo maalumu vya hesabu, njia ambayo Mmarekani Peter Scheiber, aliyekuwa mpiga basuni kabla ya kuwa mvumbuzi, alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Kampuni ya Sansui ya Japani ilitoa mfumo wa QS, na maabara ya CBS, chini ya Benjamin Bauer, ikatangaza mfumo wa SQ mwaka 1971, ambao ndio uliotumika mwaka 1973 kwa toleo la Uingereza la chaneli nne la albamu ya Pink Floyd, "The Dark Side of the Moon". Katika SQ, sauti ya mbele kushoto huingia katika chaneli ya kushoto peke yake na ya mbele kulia katika ya kulia, ilhali kila sauti ya nyuma huingia katika chaneli zote mbili kwa kipimo cha 0.707, upande mmoja ukiwa umetangulia mwingine kwa nyuzi 90 za awamu, yaani robo ya mzunguko mzima wa wimbi. Ubunifu huo ulikuwa na gharama yake: sauti iliyowekwa katikati ya nyuma hutokea katika chaneli mbili kwa nguvu sawa lakini kwa mielekeo inayopingana, hivyo redio ya spika moja inapozijumlisha, sauti hiyo hufutika kabisa.

King'amuzi cha kawaida cha SQ kiligeuza hesabu hiyo, lakini mtu mwenye milinganyo miwili hawezi kupata kwa uhakika mambo manne asiyoyajua. Matokeo yake ni kwamba mwimbaji aliyewekwa mbele kushoto alisikika pia katika spika zote mbili za nyuma, akiwa amepungua kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio halioni kuwa kubwa. Ili kupunguza mvujo huo, wahandisi waliongeza saketi za kutambua ni upande upi wenye sauti iliyotawala na kuzima mvujo wake kwingineko. Saketi za mwanzo ziliyumba kila vyombo viwili vilipolia kwa pamoja. Mfumo wa Tate, uliotokana na kazi ya Martin Willcocks na kutumiwa na Jim Fosgate katika kifaa chake maarufu, ulifanya kazi hiyo kwa ustadi wa hali ya juu, lakini ulifika wakati wateja walikuwa wameshaondoka. Fosgate hakuiacha njia hiyo, na baadaye alibuni king'amuzi cha matriksi cha Dolby Pro Logic II, hivyo juhudi za kwadrafoniki ziliendelea kuishi katika sauti ya filamu za majumbani.

King'amuzi cha leo huanzia hapo Tate ilipokomea. Sauti ya santuri hugeuzwa kuwa namba, kisha programu huikata katika vipande vya sehemu ndogo ya sekunde na kukigawa kila kipande katika mamia ya kanda za masafa, ambapo kila kanda hupimwa peke yake. Ikiwa kanda imo kushoto tu, hupelekwa mbele kushoto. Ikiwa nguvu ni sawa na awamu ni moja, ni ya katikati ya mbele. Ikiwa nguvu ni sawa na awamu zimepishana kwa nyuzi 90, ni ya nyuma, na upande uliotangulia huamua ni nyuma ipi. Kwa namna hiyo gitaa na tarumbeta zinazolia kwa pamoja huweza kwenda kwenye pembe tofauti, kwa kuwa masafa yao hayalingani kikamilifu. Hata hivyo haya ni makadirio, hata yakiwa makini kiasi gani, na panapogongana ala mbili katika masafa yaleyale king'amuzi hulazimika kuchagua.

Jibu la pili, CD-4 la kampuni ya JVC ya Japani, ambalo kampuni ya RCA ililichukua nchini Marekani, halikuhitaji makadirio. Kila ukuta ulibeba jumla ya sauti ya mbele na ya nyuma katika masafa ya kawaida, na juu yake wimbi bebezi la kilohezi 30, lisilosikika kwa binadamu, lililobeba tofauti ya sauti hizo. Kujumlisha na kutoa kulitosha kuzitenganisha. Tatizo lilikuwa sindano. Karibu na kitovu cha santuri, wimbi moja la kilohezi 30 lina urefu wa mikroni 7 hivi, ilhali ncha ya duara ya kawaida ilikuwa na nusu kipenyo cha mikroni 18, hivyo ilipita juu ya wimbi bila kulisoma, na mara nyingi ililikwangua. Ndipo Norio Shibata wa JVC alipobuni ncha nyembamba inayogusa ukuta kwa mstari mrefu. Kwa kuwa masafa ya CD-4 hufika kilohezi 45, kompyuta inayochukua sampuli 96,000 kwa sekunde huweza kuyanasa, ingawa 192,000 huacha nafasi zaidi, na programu huweza kugundua mahali wimbi bebezi lilipochakaa na kuzima mkwaruzo ambao vifaa vya zamani viliurusha moja kwa moja kwenye spika za nyuma.

Kanda asilia za baadhi ya kazi hizi zimechapishwa upya, hasa na kampuni ya Uingereza ya Dutton Vocalion, lakini kwa nyingine santuri ndiyo nakala pekee ambayo msikilizaji anaweza kuipata. Kwa sababu hiyo wahifadhi makini hurekodi santuri kwa sindano ya aina ya Shibata na kuitunza rekodi ghafi kabla ya kung'amuliwa, ili programu bora zaidi itakapopatikana kazi ianze upya bila sindano kurudi tena mferejini.