Kazi ya Kupatanisha na Mafunzo Yake

Neno mpatanishi twalitumia sana makanisani, walakini ni mara chache tulipimapo. Shina lake ni pata. Watu wakipatana, kila mmoja amempata mwenziwe. Naye apatanishaye ndiye awawezeshaye kufika hapo. Basi neno lenyewe latufundisha kwamba upatanishi si upole wa moyo tu, bali ni kazi. Na kazi hujifunzwa, kama vile useremala. Twataka kueleza habari za Wakristo waliolishika neno hili kwa maana hiyo.

Wamennonite si wageni kwetu, kwa maana walifika Shirati, karibu na Ziwa Viktoria, mwaka 1934. Asili yao ni Ulaya, katika vyama vilivyoanza Uswisi mwaka 1525, na tangu zamani wamefundisha kwamba Mkristo asishike silaha. Lakini mwaka 1984, walipokusanyika Strasbourg, Ufaransa, katika mkutano wao wa dunia nzima, mwalimu Ronald Sider aliwaambia neno zito. Askari huenda vitani akijua ya kuwa huenda akafa. Je, mtu akataaye silaha kisha akakaa salama nyumbani kwake, ushuhuda wake una uzito gani? Akawataka wawe tayari kuingia mahali pa vita bila silaha, na kufa ikibidi.

Mwaka 1986 maneno hayo yalizaa chama kiitwacho Christian Peacemaker Teams, yaani Vikosi vya Wapatanishi Wakristo. Tangu mwaka 1993 kilianza kuwafunza watu wa kukaa muda mrefu katika nchi zenye fujo. Mafunzo yalichukua muda wa mwezi mmoja hivi. Wanafunzi waliigiza mambo yatakayowapata: mmoja huwa askari mwenye hasira, mwingine raia aliyekamatwa, wa tatu husimama kati yao; kisha hukaa pamoja na kupima yaliyotendeka. Walijifunza pia kuandika taarifa za kweli, na kuishi pamoja pasipo magomvi. Sisi tulio walimu twalielewa jambo hili: moyo usiozoezwa hupotewa na maneno siku ya hofu.

Mwaka 1995 kikosi kilianza kukaa Hebroni, katika Ukingo wa Magharibi. Mwaka 2004, katika kijiji cha At-Tuwani, kusini ya mji huo, waliwasindikiza watoto wa Kipalestina waendao shule wakipita karibu na makao ya walowezi wa Kiisraeli. Mwezi wa Septemba watu waliofunika nyuso waliwapiga wasindikizaji wawili wakawaumiza vibaya. Baada ya hayo jeshi la Israeli liliagizwa kuwasindikiza watoto, nao wapatanishi wakawa wakitazama kama askari watimiza wajibu wao.

Jaribu kubwa zaidi lilikuwa Iraki. Tarehe 26 Novemba 2005 watu wanne wa msafara wao walitekwa nyara Baghdad: Tom Fox, Norman Kember, James Loney na Harmeet Singh Sooden. Mwezi wa Machi 2006 Fox alikutwa ameuawa. Tarehe 23 ya mwezi huohuo askari wakawaokoa watatu waliobaki. Hawakupiga hata risasi moja, kwa kuwa watekaji hawakuwapo. Wengi wakawacheka, wakisema: mwakataa silaha, nazo ndizo zilizowaokoa!

Hoja hii haifai kudharauliwa. Hata At-Tuwani walinzi wa watoto walikuwa askari hatimaye, na asemaye kwamba upatanishi hauhitaji dola yoyote husema kuliko ayajuayo. Lakini tuangalie lililofuata. Mwezi wa Desemba 2006, wale watatu walisema hadharani kwamba wamewasamehe watekaji wao. Bunduki yaweza kumtoa mtu kifungoni. Haiwezi kumfundisha kusamehe. Kazi hizo ni mbili, na ya pili ndiyo iliyowapeleka.

Mwaka 2022 chama kiliondoa neno la Wakristo katika jina lake, kikaitwa Community Peacemaker Teams. Lakini swali la Strasbourg halikubadilika, nalo latuhusu sisi tufundishao. Kila mwaka twawakaririsha watoto heri ya wapatanishi. Je, tumewazoeza siku ngapi kuifanya kazi yenyewe?