Kabla Hujacheka Ile Datsun Yenye Kutu

Wiki iliyopita nilipelekwa kuona ndinga. Uani mwa nyumba moja Ganjoni, chini ya turubai lililojaa mavi ya kunguru, kuna Datsun 240Z. Tairi zote chini. Injini ipo, kabureta ziko moja badala ya mbili. Mzee mwenye nyumba akaniambia, "Mwanangu, hii haijawaka tangu hujazaliwa." Bei aliyotaja siiandiki hapa, mamangu husoma hizi posti.

Rafiki zangu swali lao ni moja: kwani wewe mzima? Kwa pesa hizo si unapata Vitz inayotembea? Sawa, unapata. Lakini nyinyi mnaona chuma chakavu kwa sababu hamjui chuma hicho kilifanya nini nchi hii. Kaeni hapa dakika tatu.

Safari Rally ilianza 1953, wakati wa mkoloni, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na haikuwa mbio za uwanjani. Ni barabara zile zile za matope na vumbi ambazo watu walipita na mabasi na mizigo yao. Mwaka 1963 yalifika mwisho magari saba tu. Mwaka 1968, saba tena.

Sasa sikiza ya 1965. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, fundi wa magari, aliingia na ndugu yake Jaswant wakiwa na Volvo PV544. Gari lenyewe mtumba! Mwaka uliotangulia lilikuwa limeendeshwa na dereva wa kiwanda, Tom Trana, likashindwa kumaliza. Hao ndugu wakalinunua, wakalitengeneza wenyewe, wakaanza wa kwanza barabarani na wakashinda. Joginder alishinda tena 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Kwa hivyo mtu akikwambia kufufua gari la zamani ni mchezo wa matajiri, mwambie ushindi wa kwanza wa Joginder ulitoka kwa gari ambalo wengine walishamalizana nalo.

Na hii Z je? Ilitoka Japani mwishoni mwa 1969. Silinda sita kwa mstari mmoja, lita 2.4, boneti ndefu, viti viwili. Wamarekani waliinunua kwa sababu ni gari la michezo la bei nafuu. Huku ilipelekwa matopeni. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari nayo, na wa pili alikuwa Shekhar Mehta, naye kwa 240Z. Mwaka 1973 Mehta akashinda mwenyewe, akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana pointi na Harry Källström, naye wa Datsun. Kumbuka Mehta alizaliwa Uganda, na mwaka mmoja kabla Idi Amin alikuwa amewafukuza Waasia. Jamaa aliyepoteza kwao akaja kushinda mbio kubwa kuliko zote Afrika Mashariki, na akazishinda mara tano kwa jumla.

Magari yetu yameshukia hapa Kilindini, kwenye kilindi cha maji kilichoipa bandari jina. Lakini kwa kanuni ya leo gari la mtumba linaloingia Kenya halitakiwi kuzidi miaka minane. Usitarajie meli itakuletea Z nyingine ya 1972. Zilizobaki ni hizi zinazooza uani, na kila inayokatwa vipande ikauzwa kwa kilo, basi.

Haya, mapenzi pembeni, tuongee kutu. Z huliwa sakafuni, kingo za chini ya milango, na chini ya betri. Ongeza hewa ya chumvi ya Mombasa miaka yote hiyo. Nilienda na sumaku ndogo: pahali inaposhika pana bati, pahali inapoanguka pamejazwa puti. Ilianguka mara nne. Hizo ni wiki nyingi za fundi wa kuchomelea kabla hujagusa injini. Na usikimbilie rangi. Januari 2020 Z moja ya 1970 iliuzwa Marekani kwa dola 310,000, na iliyowapagawisha wanunuzi ni kuwa ilibaki karibu vile vile ilivyotoka kiwandani.

Lakini kilichonikaza si kutu. Ni logbuku. Imeandikwa jina la kakake mzee, ambaye ni marehemu. Maana yake familia ipitie kwanza mambo ya mirathi, ndipo gari liuzwe kihalali. Nikilipa kabla ya hapo, nimenunua pambo la ua. Na huku kuna mtu wa vyuma vikuukuu ashapita mara mbili na mizani yake.

Nimemwambia mzee ukweli: pesa ziko, hazitoki mpaka karatasi ziwe safi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema ataongea na watoto wa kakake, nimpe mpaka Idi. Nimekubali. Turubai nimemnunulia jipya, hilo halihitaji logbuku.

Mwenye kujua iliko kabureta moja ya Hitachi, tafadhali aniandikie.