Umeme kwa Shaba, Moshi kwa Nyama

Jibu la haraka kuhusu asili ya nyama ya nguruwe ya moshi huko Likasi, mji wa migodi wa Katanga, ni kwamba ililetwa na Wabelgiji. Jibu hilo lina sura ya ukweli. Kwao Ardennes jamboni, yaani paja la nguruwe, hulazwa kwenye chumvi kwa majuma kadhaa, kisha huning'inizwa penye moshi, na mabwana wa migodi waliofika Katanga tangu Union Minière du Haut-Katanga ianzishwe mwaka 1906 walikuja na mazoea ya meza zao. Mji wenyewe uliitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, hadi mwaka 1966. Kwa hiyo ni rahisi kuitazama nyama iliyokaukia juu ya moto, mjini Likasi au nje kidogo huko Buluo, na kuiona ni jamboni isiyokamilika, ufundi wa mzungu uliopungukiwa na vifaa. Mimi sikubaliani na maelezo hayo. Moshi wa Katanga ni mkongwe kuliko reli, na haukuzimika katika karne ya migodi kwa sababu inayoeleweka: umeme uliozalishwa kwenye mto Lufira ulikwenda kusafisha shaba, na mwanamke mwenye nyama ya kuhifadhi akaachiwa moto wa kuni. Historia hiyo ndiyo iliyoamua pia namna ya kuila nyama hiyo, kidogo kidogo ndani ya mboga, na kama nitakavyoonyesha, mwili unaikubali vizuri zaidi kwa namna hiyo.

Jina la mnyama ni ushahidi wa kwanza. Kiswahili cha Katanga humwita ngulube, cha pwani humwita nguruwe, na yote mawili yametoka kwenye shina moja la kale la lugha za Kibantu. Shina hilo lilienea kusini na mashariki ya Afrika zamani sana, kabla nguruwe wa kufugwa kutoka ng'ambo hajajulikana bara. Ngulube wa mwanzo, basi, alikuwa nguruwe wa porini, yule mharibifu wa mashamba, na pembeni yake kulikuwa na ngiri, ambaye Wabemba humwita munjili. Mwindaji aliyemuua mnyama wa namna hiyo mwendo wa siku mbili kutoka kijijini alikuwa na shida inayoweza kupimwa kwa mzani. Karibu robo tatu ya nyama mbichi isiyo na mafuta ni maji, na maji hayo ndiyo yanayoiozesha na ndiyo yanayomlemea mbebaji. Alichofanya ni kuichana nyama vipande virefu vyembamba, akajenga uchanja wa fito mbichi, akawasha chini yake moto wa kuni ngumu za miombo, kama mubanga na muputu, kisha akauacha ufe uwe makaa yanayofuka. Joto lilikausha, na moshi ulipaka juu ya nyama tindikali na fenoli zinazozuia vijidudu na kuchelewesha mafuta kuchacha. Alipoondoka siku ya tatu alikuwa amebeba mzigo mwepesi zaidi, wenye lishe karibu ile ile.

Wala si wawindaji peke yao waliouhitaji uchanja. Wasanga waliofua shaba katika vilima hivi waliifanya kazi hiyo kiangazi, baada ya mavuno, wakipiga kambi karibu na machimbo, mbali na ghala zao. Watu wanaofukuta viriba usiku na mchana hawana nafasi ya kwenda kuwinda kila siku. Chakula chao lazima kiwe kimetengenezwa kabla. Bunkeya nayo, makao makuu ya mtawala Msiri, Mnyamwezi aliyetoka katika nchi tunayoiita leo Tanzania na kuuawa Desemba 1891, ilitajirika kwa shaba, watumwa na pembe za ndovu. Na ndovu ana nyama ambayo kijiji kizima hakiwezi kuimaliza kabla haijanuka. Popote palipouawa mnyama mkubwa palifuka moshi, na ngulube alikuwa mmoja tu kati ya waliopitia juu yake.

Reli ilifika Élisabethville mwaka 1910 na Kambove mwaka 1913, nayo ikaleta maelfu ya wafanyakazi katika nchi isiyoweza kuwalisha nyama. Kizuizi kilikuwa mbung'o. Ng'ombe hawakustahimili vimelea vyake, kwa hiyo walisafirishwa kutoka Rhodesia, kwa miguu na kwa treni, na baadaye kampuni kama Elakat ikaanzisha ufugaji mkubwa katika nyanda zilizokuwa salama. Nguruwe wa kufugwa hakuwa na nafuu yoyote. Ipo aina ya vimelea vya mbung'o, Trypanosoma simiae, inayomuua kwa siku chache tu, ilhali ngiri huishi nayo bila kuonyesha ugonjwa. Ukweli huo unavunja sehemu kubwa ya dhana ya jamboni. Nyama ya nguruwe wa nyumbani ilikuwa bidhaa ya meza chache, na ile ya moshi kwa sehemu kubwa ilishuka kwenye treni ikiwa imeshatengenezwa kwingine. Mfanyakazi wa kambi hakupewa ufundi huo wala kipande chenyewe. Alichopewa ni posho: unga wa mahindi, na kitoweo cha nyama au samaki, kilichopimwa kwa mzani wa kampuni. Posho iliyogawiwa mara moja ilipaswa kumfikisha hadi mgao unaofuata, na ndani ya nyumba ya matofali isiyo na barafu wala kabati la baridi, kumfikisha maana yake ni kuikausha.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mwaka 1929 kiwanda cha Shituru, mjini Likasi, kilianza kusafisha shaba kwa umeme. Mwaka uliofuata bwawa la Mwadingusha lilianza kuendesha mitambo kwenye maporomoko ya Lufira, na mwaka 1950 kituo cha Koni kikaongezwa chini yake. Maji yaliyozuiwa yalifunika bonde na kuwa ziwa Tshangalele, na ziwa likazaa samaki. Tazama mgawanyo uliotokea. Kutoka ukuta mmoja wa bwawa zilitoka njia mbili: nyaya zilizokwenda Shituru, na vikapu vya samaki vilivyokwenda sokoni. Samaki hao walivuliwa juu ya maji yanayozalisha umeme, kisha wakabanikwa kwa kuni kwenye fukwe zake, kwa sababu umeme ule haukuwa wao. Sijui mfano mwingine unaoonyesha waziwazi zaidi kwamba moshi wa Katanga haukuwa mabaki ya ujinga yaliyosubiri kufagiliwa na maendeleo. Ulikuwa sehemu ya uchumi wa shaba wenyewe. Kampuni iliokoa gharama ya kupeleka baridi katika nyumba za wafanyakazi kwa kuwa wake zao walijua kukausha.

Ngulube wa kufugwa aliingia kwa nguvu katika hesabu hii pale posho ilipokatika. Gécamines, mrithi wa Union Minière baada ya serikali kuitwaa migodi mwaka 1967, iliendelea na desturi ya kugawa chakula hadi ilipoanza kuporomoka miaka ya 1990. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Familia zilizokuwa zikingoja gunia la unga zililazimika kulima na kufuga. Nguruwe anafaa kwa uwanja mdogo wa nyumba ya mjini: hula pumba za mahindi na machicha ya pombe, huzaa mara mbili kwa mwaka, na hahitaji malisho. Lakini akichinjwa hutoa nyama nyingi kwa siku moja. Sehemu huuzwa mbichi, sehemu huishia kwenye michopo ya jioni, zile nyama za kuchoma za kando ya barabara, na kinachobaki kinarudi penye swali la mwindaji wa zamani. Uchanja ulikuwa unamngoja.

Msomaji anaweza kunijibu kwamba kutofautisha jamboni na nyama ya uchanja ni kugombania maneno, kwani zote ni nguruwe na moshi. Sivyo. Jamboni ya Ardennes hutegemea chumvi kwanza. Moshi wake ni wa baridi, huja mwishoni, na kazi yake kubwa ni ladha. Nyama hukatwa nyembamba ikaliwa ilivyo. Nyama ya uchanja hupata chumvi kidogo au haipati kabisa, hukaushwa kwa moshi wa moto, na ni lazima irudi jikoni ichemshwe. Ya kwanza ni chakula kilichokamilika, ya pili ni akiba. Ndugu wa karibu wa ngulube aliyebanikwa ni samaki wa Tshangalele, na wote wawili hupikwa kwa utaratibu mmoja. Ndiyo maana hata Waislamu na Waadventista wa Likasi, wasioligusa sufuria la nguruwe, wanao moshi ule ule ndani ya samaki wao.

Utaratibu wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu. Kipande kigumu, cheusi, chenye ukingo wa mafuta yaliyogeuka rangi ya asali, huloweshwa katika maji ya moto, kisha masizi hukwanguliwa kwa kisu mpaka rangi nyekundu ya nyama ionekane. Huchemshwa mara moja, na maji hayo ya kwanza humwagwa. Hapo ndipo hukatwakatwa vipande vya ukubwa wa kidole gumba na kutiwa ndani ya sombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa, pamoja na kitunguu na karanga za kusaga. Sombe haiharakishwi, huhitaji kutwangwa vizuri na kuchemka muda mrefu ili sumu ya sianidi iliyomo kwenye majani iondoke, na muda huo huo huilainisha nyama na kuipitishia joto mpaka kiini. Kisha huja bukari, ugali wa mahindi. Mahindi yana upungufu wa lisini na triptofani, na walaji wa mahindi matupu wamewahi kuangamizwa na pelagra katika mabara kadhaa. Nyama kidogo ya nguruwe huziba pengo hilo, na inaongeza vitamini B1, ambayo nguruwe anayo kwa wingi kuliko ng'ombe, ingawa sehemu yake hupotea katika maji yaliyomwagwa. Nyama husaidia tumbo kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye majani. Mafuta yake husaidia mwili kuchukua karotini ya sombe, na hilo si dogo katika uwanda huu wa juu ambako michikichi haistawi na mawese husafirishwa kutoka kaskazini. Gramu chache za nyama zinafanya kazi hiyo yote, na kipande kinene cha peke yake hakiongezi sana.

Pingamizi zito zaidi ni la afya. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliziweka nyama zilizosindikwa, zikiwemo za moshi, katika kundi la vitu ambavyo ushahidi wake wa kusababisha saratani unatosha, na likakadiria kuwa gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Sitaki kulikwepa. Kundi hilo hupima uhakika wa ushahidi, halipimi ukubwa wa madhara, lakini sumu zenyewe zipo: mafuta yakidondokea makaa mekundu, moshi unaopanda hubeba benzopireni na kuibandika juu ya nyama. Hesabu ya gramu 50 za kila siku, hata hivyo, ni hesabu ya mkate na jamboni asubuhi. Akiba inayoonjwa mara chache, iliyokwanguliwa masizi, juu ya uchanja ulioinuliwa mbali na makaa, ni jambo jingine. Hatari ninayoiogopa zaidi ni imani kwamba moshi husafisha kila kitu. Mayai ya tegu huzagaa pale nguruwe wanapozurura penye vinyesi vya watu, na viluwiluwi vyake ndani ya nyama nene havifi kwa moshi usiofikisha joto la kutosha kiinini. Ni mchemko wa sombe unaoviua, moshi haudaiwi kazi hiyo. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kisayansi mara ya kwanza na Montgomery nchini Kenya mwaka 1921, haimdhuru binadamu, lakini virusi vyake hudumu miezi ndani ya nyama ya chumvi au ya moshi. Maji ya kuloweshea na masizi yaliyokwanguliwa yakirudishwa bandani bila kuchemshwa, zizi zima laweza kuisha. Na Likasi kuna vumbi la migodi: watafiti waliopima wakazi wa Katanga, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, walikuta kiwango kikubwa sana cha kobalti miilini mwao, na uchunguzi wa baadaye ukataja mboga, vumbi na samaki wa Tshangalele kuwa miongoni mwa njia zake. Nyama inayoning'inia wazi katika hewa hiyo haina kinga ya pekee, na kuiosha vizuri kabla ya kuipika ni lazima.

Atakayesema kwamba dawa ya yote haya ni friji anasema kweli, lakini na arudi Mwadingusha. Mitambo yake ilikarabatiwa upya na kuunganishwa kwenye gridi mwaka 2021, megawati 78, na kazi hiyo iligharimiwa kwa ajili ya kuupa umeme mgodi wa shaba wa Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi. Mjini Likasi, jioni za mwaka huo huo, magunia ya makaa yalikuwa bado yanashushwa kutoka kwenye baiskeli.